Chapati Nilizozionja Mwenyewe

Mtu akiugua Bariadi, watu huenda dukani kununua mkate. Sijui nani alituambia kwamba kila mgonjwa ana njaa ya mkate. Siku za kawaida watu hao hao hupita mbele ya nyumba yako bila hata kugeuza shingo, lakini wakisikia umelala wanakuja nao kwenye mfuko, wanauweka mezani, wanakaa kwenye kochi lako na kuuliza, "Anaendeleaje?" Kabla hujajibu wanaanza kukusimulia habari za shangazi yao aliyeanza hivyo hivyo akafa. Jumamosi moja nilikuta mikate tisa kwenye meza yangu ya sebuleni. Mume wangu alikuwa chumbani, hawezi kuvuka sebule bila kushika ukuta. Na mimi, mjinga kuliko wote walioileta, nilikuwa jikoni namkatia vipande na kuvipaka siagi.

Nianze na ujinga wangu, maana wa wenzangu utajieleza wenyewe.

Mimi ni wa Kalemela, kule Busega, ambako nimekulia kwenye dagaa na ugali wa udaga wa muhogo. Chapati kwetu ilikuwa ya Krismasi: moja kwa kila mtoto, na ukibahatika, nusu ya ile iliyoungua. Nilipopata kazi ya ukarani wa masjala pale Bariadi, nilijiapiza kwamba nyumbani kwangu chapati haitasubiri Krismasi. Nikaolewa na bwana mifugo, mtu wa Shishiyu, Maswa, mpole, mzee wa kanisa ambaye hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Kila asubuhi alikula chapati mbili za tabaka na chai ya maziwa. Jumapili maandazi. Jioni zile zilizobaki, na maharage. Nilikuwa na kibao changu cha mninga cha kusukumia, na wanawake wa mtaani na wa ofisini walikuja kujifunza kwangu jinsi ya kukunja tabaka. Nilijiona mtu.

Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea mara ya kwanza, alimega kipande cha chapati, akakitafuna muda mrefu, akasema, "Hiki ni cha kubembelezea watoto." Yeye chakula chake ni ugali wa mtama, majani ya kunde yaliyokaushwa ambayo tunayaita nsansa, maziwa ya mgando, na michembe, yale mapande ya viazi vitamu yaliyoanikwa mpaka yakawa magumu kama mbao. Nilimwona mshamba. Tukienda Shishiyu nilikuwa nabeba unga wangu wa ngano kwenye begi, kilo nne, nisije nikalazimika kula ule ugali wa rangi ya majivu mbele ya watu. Alikuwa ananiona ninavyoufungua ule mfuko jikoni kwake. Hakuwahi kusema neno, nami nilidhani anaona haya kwa umaskini wake.

Ugonjwa ulianza miguuni. Mume wangu alisema akikanyaga sakafu ni kama amekanyaga robota la pamba. Kisha nyayo zikaanza kumwaka moto ndani ya viatu. Kisha akaanguka na pikipiki ya kazi kwenye barabara iliyonyooka, mchana kweupe, bila hata mbuzi wa kusingiziwa. Siku ya chanjo ya homa ya mapafu, kwenye boma moja lenye ng'ombe wengi, alielekeza sindano kwenye shingo ya fahali na kumchoma mwenye fahali, aliyekuwa ameshika pembe. Yule mzee hakupata madhara yoyote zaidi ya kupata hadithi, na hadithi hiyo aliizungusha kila mnada: bwana mifugo amelewa hata ng'ombe hamwoni.

Basi akawa mlevi. Anatembea ametanua miguu, anayumba, ulimi umekuwa mzito. Watu wanataka ushahidi gani tena? Bosi wake alimwita ofisini, akafunga mlango, akamshauri kama ndugu aachane na ile kitu. Kanisani kiongozi mmoja, mtu ambaye kwa miaka yote alikuwa akitupa mkono kwa ncha za vidole, alimkumbatia mume wangu kwa upendo wa ghafla, na pua yake ikakaa karibu sana na mdomo wa mgonjwa. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilimwambia, "Kama hujasikia vizuri, rudia." Hakurudia, lakini kuanzia siku hiyo mume wangu hakupangiwa tena kusoma matangazo.

Tukazunguka hospitali. Walimpima sukari, presha, kaswende, virusi, na malaria mara tatu, maana kwetu hakuna ugonjwa unaoruhusiwa kupita bila kukaguliwa kwanza kama si malaria. Kila kitu kikatoka safi. Daktari mmoja aliandika kwamba ni msongo wa mawazo, akanitazama mimi huku akiandika. Mwingine alitupa vidonge vya vitamini na ushauri: ale vizuri, vyakula laini visivyomchosha, mkate, tambi, uji wa lishe. Mimi ni mtu mtiifu nikipewa maagizo yanayonipendeza. Uji wenyewe nilisagisha mahindi, ulezi, soya, karanga na ngano, na ngano nikaizidisha maradufu, kwa sababu nilikuwa naamini ngano ndiyo nguvu. Vikombe viwili kwa siku. Alikuwa anakunywa mbele yangu, kikombe amekishika kwa mikono miwili, nami nimekaa nahakikisha amemaliza.

Ndipo mama mkwe akaja. Alifika na basi la asubuhi, hakukaa, hakugusa chai.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia nikiwa nimepiga goti.

"Mwangaluka," aliitikia, macho yakiwa kwa mwanawe aliyekuwa anajaribu kunyanyuka kwenye kiti. Alimtazama mpaka akakaa tena. "Kusanya nguo zake."

Huko Shishiyu walimwita mganga. Mganga akatazama vitu vyake, akatoa siri kubwa: ugonjwa huu unaingia kwa chakula, na chakula hicho kinatoka kwenye mkono wa mtu wa karibu. Kwa uganga huo hata mimi ningefungua ofisi. Mtu anapikiwa na nani kama si mtu wa karibu? Lakini walimsikiliza kama amefungua mbingu. Akampa mizizi ya kuchemsha na masharti: asile chochote kilichopita mkononi mwa mke wake. Mume wangu, mzee wa kanisa, mtu wa diploma anayewaelimisha wafugaji kila siku kwamba ng'ombe hafi kwa kijicho, alikaa kimya. Kimya chake kiliniuma kuliko maneno yote ya mganga, na sijui kama nimeshakisamehe.

Halafu akapona. Hilo ndilo sikulitegemea. Si kupona kabisa, lakini baada ya miezi miwili ya mtama na michembe alikuwa anatembea mwenyewe kwenda zizini bila fimbo, na mikono ilikuwa imetulia kiasi cha kukamua. Habari zilifika Bariadi kabla hajanipigia simu. Wale wanawake waliojifunza tabaka kwangu wakaanza kuja ofisini na chai zao kwenye chupa, wasinywe niliyoimimina mimi. Kulikuwa na msiba mtaani, nikapeleka sufuria la wali, likarudi na wali wake, limefunikwa vizuri vile vile nilivyolifunika. Walioniletea mikate tisa sasa walikuwa wanavuka barabara wakiniona. Na huku kwetu neno hilo, mchawi, si la mzaha. Wapo wanawake waliokatwa mapanga kwa neno hilo, na walioachwa tu na waume zao huhesabiwa kuwa wamebahatika.

Mtu mwenye akili angekaa akajiuliza kwa nini amepata nafuu. Mimi nilitaka kushinda. Nilichukua likizo, nikasukuma chapati ishirini, nikazipanga kwenye hotipoti, nikapanda basi mpaka Shishiyu. Nilimwomba mama mkwe, wifi yangu na baba mkubwa wa mume wangu wakae, na yeye mwenyewe akae. Kisha nikatoa sumu. Asiyejua desturi hii aelewe kwamba mwenye kumkaribisha mtu chakula hukionja yeye kwanza, mbele ya macho yake, ili mgeni ajue kinaliwa. Kwa kawaida ni tonge moja la adabu. Mimi nilimega kila chapati, zote ishirini, nikatafuna na kumeza moja baada ya nyingine huku nawatazama usoni. Baba mkubwa, kwa ajili ya haki tu, alikula nne. Wifi akala mbili akaomba za watoto. Hakufa mtu. Mama mkwe hakula, lakini hakutuzuia kuondoka.

Nikarudi na mume wangu Bariadi nikiwa nimenyoosha shingo.

Nilimlisha kwa hasira. Kila chapati ilikuwa shahidi wangu. Asubuhi namega, naonja, nampa. Mchana tambi, naonja, nampa. Jioni naonja, nampa. Nilikuwa naacha mlango wa uani wazi makusudi ili majirani waone ninavyoonja. Wiki ya tatu alianguka mlangoni na kikombe mkononi. Mwezi ulipoisha alikuwa hawezi kufunga vifungo vya shati, na maneno yake yalikuwa yanatoka nusu nusu, mpaka binti yetu alipopiga simu kutoka bwenini akauliza kama baba amekasirika.

Kikao kiliitwa Shishiyu. Hakikuchukua muda. Mkono umeonekana, walisema: akiwa huku anapona, akiwa kule anaanguka, mnataka nini zaidi? Atabaki kwao moja kwa moja, na mahindi yakishavunwa wazee wawili watakwenda Kalemela kunirudisha kwetu. Baba mkubwa, yule wa chapati nne, ndiye aliyetamka. Sikulia pale. Lakini siku zilizofuata niliwahi kusimama mbele ya karai la kunawia nikaitazama mikono yangu, nikajiuliza kama mtu anaweza kuwa mchawi na mwenyewe asijue. Ndivyo walivyonifikisha.

Aliyevunja kikao kile alikuwa mume wangu. Aliongea polepole, kila neno akilisukuma kama mtu anayesukuma mkokoteni kwenye tope. "Nipelekeni Mwanza kwanza. Mkishajua naumwa nini, ndipo mnigawane."

Tukaenda watatu, maana mama mkwe hakukubali nisafiri na mwanawe peke yangu. Alibeba kapu la matobolwa, viazi vilivyochemshwa kisha vikaanikwa, na njia nzima alimlisha yeye mwenyewe. Hospitali wakaruhusu msindikizaji mmoja tu kuingia kwa daktari, na mume wangu akaninyooshea mimi kidole. Mama akabaki kwenye benchi na kapu lake.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wangu. Alimwambia mume wangu atembee kwenye mstari wa vigae, kisigino mbele ya vidole, akamdaka kabla hajaanguka. Akamwambia aguse pua yake kwa kidole, akajigusa jicho. Akauliza kama kuna kipindi alipata nafuu. Mume wangu akasema, "Nikiwa kwa mama."

"Ndiyo, kwa mama yake," nikadakia. "Mchawi ni mimi. Andika."

Hakucheka wala hakunionea huruma, na kwa hilo nilimpenda. Akauliza, "Kwa mama anakula nini?" Nikamtajia kwa dharau ile ile ya siku zote: mtama, nsansa, michembe, mgando. "Na kwako?" Nikanyanyua kichwa. Hata pale, aibu yote ile imenielemea, nilitaja kwa majivuno: chapati za tabaka, nasukuma mwenyewe, mkate, tambi, maandazi, uji wa lishe wenye ngano maradufu. Aliacha kuandika nilipofika kwenye maandazi.

"Ngano," akasema.

Alitueleza bila haraka. Ndani ya ngano kuna kitu kinaitwa gluteni, ndicho kinachofanya unga ukandike na kuvutika. Watu wengi hakiwadhuru. Wachache, mwili wao ukikiona, kinga ya mwili hukasirika, na kwa baadhi yao hasira hiyo huishia kwenye mishipa ya fahamu na ile sehemu ya nyuma ya ubongo inayoshika mizani ya mwili: miguu kufa ganzi, kuyumba, mikono kukosea shabaha, ulimi kuwa mzito. Nikamwuliza mbona tumbo halijawahi kumuuma. Akasema si lazima liume, na ndiyo maana wengi huchelewa. Akachukua damu ipelekwe Dar es Salaam, akasema tangu leo ngano basi, hata chembe, na kwamba mishipa hupona polepole, na ile iliyokwisha kuharibika huenda isirudi. Kila mwezi wa kuendelea kula ulikuwa na gharama yake, alisema. Hakuwa ananisema mimi. Alikuwa ananisema mimi bila kujua.

Nilifikiri juu ya ule mwezi wa ushahidi. Nilimchukia yule mganga upya, safari hii kwa sababu alikuwa ameukaribia ukweli.

Tulikubaliana na mume wangu tusiseme kitu mpaka majibu yatoke. Yeye akarudi Shishiyu na mama yake, mimi Bariadi. Ofisini nilifanya kosa la kumdokeza mwenzangu mmoja, na kufikia mchana watu wote wa ghorofa ile walikuwa madaktari. Huo ni ugonjwa wa wazungu, walisema. Msukuma gani anaumwa chapati? Hao ni watu wanaojifanya matajiri. Mmoja wa wale waliokuwa wanakuja na chai zao kwenye chupa alinifuata masjala na sura ya huruma, akanishauri nimpe mkate wa brauni, huo una afya. Nilimwomba atoke nifunge mlango.

Daktari alipopiga simu kwamba damu imethibitisha, nilikuwa na siku moja ya kujifariji. Mimi si mchawi, kuna karatasi. Ningeweza kwenda Shishiyu nikasema ni ugonjwa wa damu, kazaliwa nao, na nikaishia hapo, kichwa juu. Nililifikiria hilo ndani ya basi mpaka Maswa. Lakini ngano ilibidi itajwe, maana siku moja wifi angemletea andazi. Na ukiitaja ngano umemtaja aliyekuwa anaisukuma.

Nilimkuta mama mkwe jikoni, maji ya ugali yako motoni, mume wangu amekaa kwenye kigoda nje ya mlango. Nikapiga goti, tukaamkiana, akauliza mhola, nikasema mhola duhu, salama tu, ingawa haikuwa salama. Kisha nikamweleza kwa Kisukuma, polepole, bila kuacha kitu: gluteni, mishipa, karatasi, kilo nne kwenye begi langu, uji wa maradufu, na ule mwezi.

Alisikiliza mpaka mwisho huku akisogeza kuni.

"Kwa hiyo kilikuwa ni chakula chako."

"Ndiyo, mayu. Kilikuwa ni chakula changu."

"Na ulikuwa unakionja."

"Nilikuwa nakionja. Kila siku."

Nilisubiri anicheke, na alikuwa na haki. Mimi ningekuwa yeye ningecheka mpaka Kalemela wakasikia. Badala yake aliinuka kwenye kigoda chake, akanisukumia kibuyu cha unga wa mtama, akanipa mwiko. "Songa."

Nikasonga. Mtama ni mzito kuliko nilivyodhani, na jasho lilinitoka mbele yake, mimi fundi wa tabaka. Nilipoupakua nilimega tonge, kwa mazoea yale ya mwezi mzima, nikalipeleka mdomoni ili anione. Akanishika mkono.

"Acha," akasema. "Mpe."

Nikaichukua sahani bila kuonja, nikatoka nayo, nikaiweka mbele ya mume wangu. Alinyoosha mkono kumega. Vidole vikapita pembeni ya sahani vikagusa mchanga. Akavikung'uta, akajaribu tena, akaupata. Mimi na mama yake tuliangalia pembeni.